Nyumba ya Mama Nyamwiza na Safu ya Mramura

Vijana wangu, nyumba ikikaa muda mrefu bila kupata mtu, msikimbilie paa. Nawaona siku hizi: mnunuzi akikunja pua kidogo tu, mmeshaita fundi, mmeshapanda ngazi, mmeshapaka rangi hata mahali pasipohitaji rangi. Kisha mnanijia hapa barazani mkilalamika, "Mzee Shabani, tumefanya kila kitu, bado watu wanaikimbia." Kila kitu! Mmemuuliza nani kinachomkimbiza? Mmemuuliza mnunuzi mwenyewe, naye amewapa jibu la adabu, nanyi mkaliamini.

Kaeni niwaeleze. Nimekuwa dalali wa nyumba na viwanja hapa Karagwe tangu ujana wangu mpaka magoti yalipokataa safari. Nimeuza nyumba nyingi nilizozisahau, lakini iliyonifunza kazi ni moja, nayo ilikaribia kunitia wazimu. Ilikuwa ya mjane mmoja pale Kituntu, Mama Nyamwiza, miaka michache baada ya ile vita ya pili ya dunia, kahawa ilipopanda bei na kila mwenye shamba akataka nyumba ya barabarani.

Msione soko la leo mkadhani ndilo soko. Enzi zile mtu akivuna kahawa vizuri, kabla hajanunua hata shuka, anatafuta mahali pa kufungua duka. Wachimbaji walikuja kutoka migodi ya Kyerwa, wafanyabiashara walikuja kutoka Bukoba na Muleba, na madereva waliochoka kulala chini ya malori walitaka kuoa na kutulia. Kuna nyumba niliuza kabla udongo wa ukuta haujakauka. Kuna siku wanaume wawili walishikana mashati mbele yangu wakigombania kibanda ambacho hata mlango hakikuwa nao, nami nikasimama katikati nikiwabembeleza kama mama wa mapacha. Katika soko la moto namna hiyo, nyumba ya Mama Nyamwiza ilikaa pale pale, kati ya mabati yanayometa kulia na mabati yanayometa kushoto, na hakuna aliyeichukua.

Ilikuwa nyumba ya zamani, sikatai. Marehemu mumewe aliijenga miaka ya ishirini, wakati barabara yenyewe ilikuwa njia ya ng'ombe. Kuta nene za udongo, paa la nyasi, madirisha madogo ya kuchungulia. Ilipojengwa watu walitembea kutoka Rugu kuja kuushangaa mlango wake wa mbao. Sasa mlango ule ule ulikuwa mfupi kuliko watu wa kisasa na kofia zao, na nyasi za paa zilikuwa zimeota nyasi nyingine juu yake.

Kama ingekuwa uzee tu, ningesubiri. Shida ni kwamba wakubwa wa soko walikuwa wametoa amri: nyumba yoyote isiyo na paa la bati inayotazama barabara ibomolewe kabla ya mvua za Septemba, na kiwanja chake kiunganishwe na uwanja wa mnada wa ng'ombe uliokuwa ukipakana nacho. Vijana wao walishapita na chokaa wakachora msalaba mweupe kwenye ule mlango. Mama Nyamwiza hakuwa na uwezo wa kununua bati hata la kufunika kuku. Lililobaki ni kuuza kwa mtu mwenye uwezo wa kuezeka, kisha aende Bugomora kwa Nyamwiza, mwanawe pekee, akajengewe chumba huko. Nisipopata mnunuzi, nyumba inabomolewa na mama anaondoka mikono mitupu. 

Nilimpeleka mnunuzi wa kwanza, muuza nguo wa Kiislamu kutoka Bukoba, mtu mpole. Alizunguka nyumba, akafika mlango wa nyuma, akasimama kidogo, akarudi. "Ina harufu ya moshi, Shabani," akasema. Basi nikafungua madirisha yote, nikaondoa masizi, nikasiriba kuta upya kwa udongo mweupe. Wa pili, mchimbaji kutoka Kyerwa, akasema mlango mfupi. Nikamwita seremala, akapandisha kizingiti cha juu. Wa tatu akasema nguzo zimeliwa na mchwa. Nikang'oa nguzo mbili, nikaweka mpya za mti mgumu, nikazipaka oili chafu ya lori chini, pale zinapoingia ardhini. Hilo la oili lishikeni, linasaidia hadi leo.

Mlango niliupaka rangi ya kijani mimi mwenyewe, nikaufuta na ule msalaba kwa hasira. Siku hiyo hiyo akaja mwalimu mmoja amevaa kanzu nyeupe pe. Nilipokuwa nikimsifia unene wa kuta, akaegemea mlango kusikiliza vizuri. Akaondoka na mlango wangu mgongoni, na hakurudi. Vijana wa chokaa nao walipita siku iliyofuata, wakachora msalaba mwingine juu ya kijani, ukaonekana vizuri kuliko wa kwanza.

Nilikuwa nikifanya kazi chini ya mzee mmoja wa Bukoba, Mzee Athumani, aliyekuwa dalali kabla hata neno lenyewe halijafika huku. Ndiye aliyenifundisha kugonga nguzo kwa kisogo cha panga na kusikiliza: nzima inalia, iliyooza inanyamaza. Alinifundisha kwenda kuitazama nyumba mvua ikinyesha, si jua likiwaka, maana jua linasifia kila nyumba. Nilipomlilia kuhusu Mama Nyamwiza alikuwa anakula, wala hakuacha kutafuna.

"Mnunuzi akiingia, wewe unatazama nini?" akaniuliza.

"Naitazama nyumba, ili nimwonyeshe."

"Nyumba umeshaiona, bwana. Mtazame yeye. Tazama miguu yake inasimama wapi."

Nilikereka. Nilidhani nitapewa dawa, nimepewa fumbo. Lakini mnunuzi aliyefuata nilimtazama miguu. Aliingia vizuri, akapita sebuleni vizuri, akagusa kuta, akatabasamu. Alipofika mlango wa nyuma, miguu ikasimama. Akatazama uwanja wa nyuma, akashusha pumzi, akageuka. "Paa litanisumbua," akasema. Na huyo alikuwa muuza mabati!

Nikaanza kuwakumbuka wote, mmoja mmoja. Wote walisimama pale pale. Nikaenda mwenyewe kusimama kwenye ule mlango, nikakodoa macho. Uwanja uliofagiwa. Migomba kwa mbali, na mbele yake kipara cha udongo mgumu, mahali ambapo zamani palikuwa na jiko lililoanguka. Katikati ya uwanja, safu ya mimea minne ya mramura, ule mmea wa majani marefu ambao ukikata kijiti ukachomeka kinaota. Zaidi ya hapo, ua wa jirani, Mzee Katabazi. Sikuona kitu cha kumfukuza mtu.

Huyo Katabazi lazima niwaeleze. Alikuwa mkulima mkubwa wa kahawa, mtu wa heshima, na alikitaka kile kiwanja. Nyumba hakuitaka, alitaka kuibomoa na kusakafia uwanja mzima saruji aanikie kahawa. Alinijia mara nyingi na maneno mazuri, na alichoahidi kutoa hakikuwa kibaya. Kila nilipompelekea Mama Nyamwiza habari hizo, alitikisa kichwa.

"Nataka mtu wa kukaa," akasema.

"Mama, wa kukaa hawapo! Huyu yupo, tena leo."

"Mtu wa kukaa, mwanangu. Siyo wa kusakafia."

Niliondoka nikinung'unika barabara nzima. Nilimwona mkaidi. Nilifika nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba kuna watu hawasaidiki, na yeye akaniuliza kama nimemaliza kupiga kelele, chakula kinapoa.

Wakati huo kiangazi kilikuwa kinaishia. Mawingu yalianza kujikusanya upande wa Rwanda kila alasiri, yanatishia, yanaondoka. Vijana wa kubomoa walishaanza upande wa juu wa barabara. Ukikaa dukani unasikia kishindo cha kuta zikianguka, kisha vumbi linashuka hadi kwenye chai yako. Kila siku kishindo kilisogea.

Nilimpata Bigirwa. Bigirwa alikuwa dereva wa lori, mtu wa Rugu, rafiki yangu wa kweli, na alikuwa na mchumba na hamu ya nyumba. Nikasema huyu hanikimbii. Akaitazama, akafika mlango wa nyuma, akasimama. Kisha akaniambia kuna harufu ya moshi. Hapo nilimkamata mkono nikamvuta hadi kwenye lori lake.

"Bigirwa, moshi nimeutoa mimi kwa mikono hii. Usinidanganye. Umeona nini?"

Akatazama huku na huku. "Shabani, wewe si mtu wa hapa."

"Nimezaliwa Bukoba!"

"Babu yako ni wa pwani. Huwezi kuona. Pale uwanjani pana nini?"

"Uwanja. Na majani."

"Majani!" Akacheka, lakini si kicheko cha furaha. "Ule ni mramura, ndugu yangu. Huku kwetu mramura ndio mpaka. Ukiona umepandwa kwa safu, hapo ardhi ya mtu imeishia na ya mwingine imeanza. Na safu ile imepita katikati ya uwanja wa yule mama. Maana yake nusu ya kile kiwanja si yake. Kuna kesi pale, na jirani ni Katabazi. Nani aingie na mke wake mpya katikati ya kesi ya Katabazi?"

"Sasa mbona hamsemi?"

"Tuseme vipi? Kuuliza mpaka mbele ya mjane ni kumwita mwizi. Kuuliza mbele ya Katabazi ni kumwita yeye mwizi. Ni rahisi kusema moshi."

Vijana wangu, nilikaa chini pale pale kwenye gurudumu la lori. Nguzo zangu, kizingiti changu, rangi yangu ya kijani! Watu wote wa Karagwe waliisoma nyumba ile kwa kuitupia jicho mara moja, na mimi dalali wake nilikuwa sijaisoma.

Nikaenda kwa Mama Nyamwiza mbio. Nilimkuta anachambua maharage mlangoni. Nikamsalimia, shikamoo, akaniitikia, akanipa kahawa ya kutafuna kama ilivyo desturi. Nikamuuliza wazi: ule mramura ni mpaka?

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. "Si mpaka."

"Sasa ni nini?"

Alinyanyuka na ungo wake, akaingia ndani, akafunga ule mlango wa kijani. Nilibaki na punje ya kahawa mdomoni, nimeduwaa.

Nikazunguka kwa Katabazi. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha uvivu, na mkewe Kemilembe alikuwa akimenya ndizi pembeni. Nikamwambia watu wanadhani kuna mpaka katikati ya uwanja wa jirani yake. Nikamwomba awaambie ukweli. Akatabasamu taratibu.

"Waitu, ndugu yangu Shabani, mimi nimesema ni mpaka?"

"Hujasema."

"Nimesema si mpaka?"

"Hujasema pia."

"Basi mimi sina kosa," akasema, akaegemea kiti. Kemilembe aliacha kumenya, akamtazama mumewe. Nilielewa mchezo wa Katabazi. Akinyamaza mpaka mvua zije, nyumba itavunjwa, na yeye ndiye atakuwa wa kwanza kuwaomba wakubwa wa soko wampe ule uwanja. Na asipopata yeye, watapata ng'ombe wa mnada. Nilitamani kumvuta ndevu.

Mnunuzi wa mwisho aliletwa na bahati. Karani wa kununua kahawa, Bwana Fransisi, Mkatoliki wa Muleba, alihamishiwa kwetu na mkewe Veneranda, aliyekuwa mshonaji. Walikuwa wanalala kwenye stoo ya magunia, na Veneranda alikuwa ameapa kwamba hatalala tena na panya hata usiku mmoja. Mabati walikuwa nayo tayari, yamekuja na lori la Bigirwa. Walihitaji kuta tu, na kuta tulikuwa nazo, nene kama za boma.

Asubuhi niliyowapeleka, kubomoa kulikuwa kumefika nyumba ya tatu kutoka kwa Mama Nyamwiza. Tulizungumza kwa kupaza sauti kwa sababu ya kishindo. Fransisi alifika mlango wa nyuma. Nikatazama miguu yake. Ikasimama.

Safari hii sikungoja aseme moshi. "Bwana Fransisi, najua unachokiona. Si mpaka."

Akanigeukia. Nadhani alifurahi kwamba mtu amelisema. "Kama si mpaka, ni rahisi," akasema. "Mama aukate mmoja tu, mbele ya jirani. Mzee Katabazi yule pale uani kwake. Akiukata na jirani asiseme neno, nimeridhika, naweka mabati leo."

Ilikuwa haki, na huku ndivyo inavyofanyika: hakuna anayethubutu kuukata mramura wa mpakani mbele ya macho ya mwenzake. Nikapata moyo. Niliona mambo yamekwisha. Nikachukua panga lililokuwa limechomekwa ukutani, nikamwendea Mama Nyamwiza.

"Mama, kata mmoja tu."

Akatikisa kichwa.

"Mama, kijiti kimoja! Huu mti ukikatwa unaota tena!"

"Sikati."

Fransisi akamtazama mkewe kama anayesema, umeona? Nami, vijana wangu, nilisikia ukuta mwingine ukianguka kule, na damu ikanipanda. Nikasema kama mama hataki, nitakata mimi. Nikaenda na panga hadi mmea wa kwanza. Sikuwahi kufika. Yule mama mtu mzima alinipita kama msichana, akakaa chini kabisa, akaukumbatia ule mramura kwa mikono miwili. Niliinua panga mbali naye kwa hofu, nusura nijikate mwenyewe.

"Nikate mimi kwanza," akasema.

Katabazi alikuwa amesimama kwenye ua wake, mikono nyuma. Wale vijana wa kubomoa nao walikuwa wamesimamisha kazi, wamekuja kushangaa.

Kisha Mama Nyamwiza akasema, bila kutuangalia, kana kwamba anauambia ule mmea. Akasema ni watoto wake. Kabla ya Nyamwiza alizaa wanne, na wote wanne hakuna aliyefikia kutembea. Mtoto mchanga kwao alizikwa chini ya upenu wa jiko, mahali maji ya paa yanapodondokea, na hakuwekewa alama yoyote, wala watu hawakumtaja tena. Ndiyo ilikuwa desturi. Yeye alishindwa kuwasahau. Kila mmoja alimchomekea kijiti cha mramura ili ajue alipo. Jiko likaanguka, ukaanguka na upenu wake, na safu ikabaki katikati ya uwanja, imenyooka kama ulivyonyooka ule upenu.

Nilielewa kwa nini alimkataa Katabazi na saruji yake. Nilielewa pia kwa nini hakutaka kubomolewa: siku ambayo kiwanja kingekuwa cha mnada, ng'ombe wangesimama juu ya wanawe. Alikuwa anatafuta mtu wa kukaa pale, na hakuwa na njia ya kumwambia mtu huyo atakaa na nini. Aibu ilinishika hata nikaliweka panga chini taratibu ili lisilie.

Fransisi alikuwa amekunja uso. "Waitu mama, pole sana. Lakini nitajuaje? Kila mtu anaweza kusema makaburi. Nikishaezeka, jirani akaja na mashahidi wake, nitasema nini?" Akapaza sauti. "Mzee Katabazi! Wewe umekaa hapa siku zote. Huyu mama anasema kweli?"

Katabazi hakujibu.

Nimeona kimya kingi katika kazi hii, vijana, lakini kile sikukiona tena. Alikuwa anautazama ule uwanja aliotaka uwe wake wa kuanikia kahawa. Neno moja lingeufuta. Na kunyamaza tu, ambako si kusema uongo, kungempa. Fransisi alisubiri. Alipoona kimya kinaendelea, akamshika mkewe mkono, akaanza kugeuka.

Ndipo Kemilembe alipotoka migombani akiwa na kisu chake cha kumenyea mkononi, akaja hadi kwenye ua, akasimama karibu na mumewe. Hakupaza sauti.

"Baba watoto, unangoja nini? Nani aliwachimbia?"

Katabazi akainamisha kichwa.

"Nakuuliza. Mumewe alikuwa safarini, wa kwanza alipokufa. Nani alikwenda na jembe? Na wa pili? Ulirudi nyumbani ukakataa kula. Leo uanikie kahawa juu yao?"

Yule mzee mkubwa, mwenye kahawa na ng'ombe, akashika ua kwa mikono miwili. "Nilichimba mimi," akasema. "Wote wanne. Hapa hakuna mpaka. Mpaka wangu na yeye ni ule mti mkubwa, kule." Akanyoosha kidole mbali kabisa na ile safu, kwenye mwisho wa migomba, kisha akageuka akaenda zake ndani. Kemilembe alibaki amesimama na kisu chake, akilia.

Sasa lilikuwa limebaki la Fransisi. Kesi haipo, lakini makaburi yapo, na mtu wa Muleba hanunui makaburi ya ukoo mwingine. Nilimwona anatafuta maneno ya kukataa kwa adabu. Karibu ningemsaidia: moshi, mwambie moshi. Veneranda hakumngoja. Alimwachia mkono, akaenda kuchuchumaa karibu na Mama Nyamwiza.

"Huyu anaitwa nani?" akauliza.

Mama Nyamwiza akamtazama kwa mshangao. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza. "Rwezaura."

"Na huyu?"

"Koburungi. Na yule ni Byabato."

"Na wa mwisho?"

"Huyo hakufikia kupewa jina."

Veneranda aliweka kiganja chake kwenye udongo. Kisha akanyanyuka, akajikung'uta gauni, akamgeukia mumewe kwa sauti ya mwanamke aliyechoka kulala na panya. "Jiko tutalijenga upande ule," akasema, akionyesha upande wa pili wa nyumba. Basi. Fransisi aliinua mikono, akaishusha, akacheka kidogo, akamwita Bigirwa alete mabati.

Tuliezeka siku hiyo hiyo. Nyasi za zamani zilishushwa, mabati yakapanda, mimi mwenyewe nikipigilia misumari na kujigonga kidole. Wale vijana wa chokaa walitusubiri chini, na mmoja wao, baada ya kuona mabati ya mwisho yamekaa, akachukua tambara lenye maji akaufuta msalaba mlangoni. Rangi yangu ya kijani ilitoka nayo.

Kwa hiyo msikimbilie paa. Tazameni miguu ya mnunuzi, na mahali inaposimama simameni hapo mpaka mwone anachokiona. Mkishindwa, muulizeni mtu wa hapo, tena mtu asiye na haja ya kuwapendeza.

Mama Nyamwiza alihamia Bugomora. Siku ya kuondoka alikata vijiti vinne, kimoja kutoka kila mmea, akavifunga kwenye jani la mgomba, akavibeba mwenyewe mapajani ndani ya lori. Veneranda alimshikia mlango.

Nilipita Bugomora baadaye kwa shughuli ya nyumba nyingine, nikaenda kumsalimia. Alikuwa amejengewa chumba kizuri nyuma ya nyumba ya Nyamwiza, na mbele ya chumba, katikati kabisa ya uwanja, mimea minne ya mramura ilikuwa imeota imara. Mbuzi wa jirani alikuwa amefungwa kwenye ule wa mwisho. Nilipokuwa naondoka, huyo jirani, mtu mzima aliyevaa kofia, aliniita pembeni ya ua.

"Wewe si ndiye yule dalali wa Karagwe?" akaninong'oneza. "Hebu niambie, maana tunaogopa kuuliza. Huyu mama anagombania mpaka na nani?"

Nikamwambia hagombani na mtu. Nikamwonyesha kwa kidole, mmoja mmoja. Rwezaura. Koburungi. Byabato.

"Na ule wa mwisho?"

"Huyo hakufikia kupewa jina."

Alisimama akiitazama ile safu. Kisha akavua kofia, akavuka ua, akainama, akaanza kumfungua mbuzi wake.